Kimalei cha Bandarini, Kutoka Melaka Hadi Papua

Mreno Tomé Pires, aliyeishi Melaka, bandari iliyo katika Malaysia ya leo, muda mfupi baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1511, aliorodhesha mataifa ya wafanyabiashara waliokutana katika bandari ile, na miongoni mwao akawataja watu wa Kilwa. Kwa sisi wa mkoa wa Lindi, ambako magofu ya Kilwa Kisiwani yangali yamesimama, habari hiyo si ya mbali. Wazee hao walipofika huko hawakuwa na budi kuelewana na Wagujarati, Wajava na Wachina waliowakuta, na lugha ya kuelewana ilikuwa Kimalei. Si kile cha mabaraza ya masultani, bali kile cha mizani na bei. Hicho cha pili ndicho kilichozaa lugha ambazo wanaisimu wengi huziita krioli za Kimalei, yaani lugha mpya zilizozaliwa pale watu wa lugha mbalimbali walipochanganyika, na nimekuwa nikizisoma kwa muda sasa, kwa sababu zinajadiliwa kwa maneno yale yale ambayo Kiswahili chetu kimejadiliwa.

Kimalei chenyewe ni cha kale. Maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe la Kedukan Bukit, karibu na Palembang huko Sumatra, ni ya mwaka 683. Hata hivyo, lugha iliyosambaa visiwani kwa majahazi haikuwa ile ya mawe wala ya barua za kifalme, na ushahidi wake bora zaidi umo ndani ya sarufi.

Tuangalie jinsi ya kutaja mali. Katika Kimalei sanifu husemwa *rumah saya*, mwenye mali akifuata kitu chake, kama nasi tunavyosema "nyumba yangu". Lakini mashariki mwa Indonesia, huko Ambon watu husema *beta pung ruma*, Manado husema *kita pe ruma*, na Papua husema *sa pu ruma*: mwenye mali anatangulia, na katikati kunakaa kijineno kilichotokana na *punya*, yaani kumiliki. Wingi wa watu nao una mtindo wake. *Dia orang*, ambayo kwa asili ni "yeye" na "watu", imebanwa ikawa *dorang* kule Manado na *dong* kule Ambon, na maana yake ni "wao". Bandari zilizotenganishwa na safari ya majuma mengi ya tanga haziwezi kubuni mambo hayo kila moja peke yake. Ni lazima palikuwa na Kimalei kimoja cha biashara kilichotangulia, na wapo wanaoona katika mpangilio wa *punya* mkono wa wafanyabiashara wa Kichina, ambao katika lugha zao mwenye mali hutangulia pia.

Juu ya msingi huo kila mahali pakaongeza cha kwake. Manado wamechukua *ngana* na *ngoni*, yaani "wewe" na "ninyi", kutoka lugha ya Ternate, kisiwa cha karafuu. (Karafuu za Unguja na Pemba asili yake ni visiwa hivyo hivyo vya Maluku, ingawa kwetu tunazisimulia kana kwamba ziliota zenyewe.) Watu waitwao Wababa wa Melaka na Singapore, wazao wa Wachina waliooa wenyeji, husema *gua* na *lu* kwa "mimi" na "wewe", maneno ya Kihokkien, lugha mojawapo ya Kichina. Wareno nao waliacha *lenso* kule Ambon kama walivyotuachia sisi leso.

Ilipofika zamu ya Waholanzi, mambo yalikwenda kwa nguvu zaidi. Waliichukua Ambon mwaka 1605, wakaianzisha Batavia (Jakarta ya leo) mwaka 1619, na mwaka 1621 gavana wao mkuu, Jan Pieterszoon Coen, akawaangamiza au kuwahamisha karibu wenyeji wote wa visiwa vya Banda kwa ajili ya kungumanga, kisha mashamba yakajazwa watumwa kutoka pande mbalimbali. Kimalei cha Banda ni lugha ya watu hao walioletwa, na sioni haki kukitaja bila kutaja jinsi kilivyopatikana.

Kinachonishangaza zaidi ni Kimalei cha Sri Lanka. Waholanzi walipeleka huko askari, watumwa na wakuu wa Kijava waliofukuzwa kwao, na wazao wao wakaishi kwa vizazi vingi kati ya watu wa Kitamil na Kisinhala. Leo kitenzi chao hukaa mwisho wa sentensi, na pale ambapo Mmalei wa Melaka husema *di rumah* ("nyumbani"), kihusishi kikiwa mbele, wao husema *ruma-ka*, kiambishi kikiwa nyuma kama katika Kitamil. Maneno ni ya Kimalei, lakini mifupa imebadilika.

Je, hizi zote ni krioli? Wapo wanaokataa. Wanasema Kimalei cha Ambon au Manado hakikukatika kamwe na asili yake, kwamba viambishi kama *ba-* na *ta-* vya Manado ni *ber-* na *ter-* za Kimalei, na kwamba tunaona lahaja tu zilizopunguza mzigo. Mimi naelekea kuwakubali kuhusu Manado. Kuhusu Sri Lanka naona hata neno "lahaja" halitoshi. Kiswahili nacho kiliwahi kuitwa mchanganyiko wa Kiarabu na Kibantu na watu waliohesabu maneno bila kutazama ngeli, na tahadhari hiyo yafaa tuwe nayo tunapowahukumu wengine.

Ugomvi wa usanifu nao ni wa zamani. Mwishoni mwa karne ya 17 mchungaji François Valentijn, aliyehudumu Ambon, alitaka Biblia iwe katika Kimalei cha chini, ambacho waumini walikielewa. Kanisa likachagua tafsiri ya Melchior Leydekker ya Kimalei cha juu, ambayo ilichapwa nzima mwaka 1733, na Waambon wakaendelea kusikiliza ibada kwa lugha moja na kuishi kwa nyingine. Kwetu, kati ya wamisionari, Krapf alipendelea Kimvita na Steere Kiunguja, hadi kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka 1930 ilipokiimarisha Kiunguja. Na hadi leo mtoto wa Lindi mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya Kimwera huambiwa darasani kwamba anakosea.

Hali zao sasa hazilingani. Kimalei cha Wababa kimebaki zaidi kwa wazee, ilhali kile cha Papua, katika nchi yenye mamia ya lugha, kinazidi kuwa lugha ya kwanza ya watoto wa mijini. Anayetaka kuanza kujifunza ningemshauri aanze na cha Ambon au Manado, kwa sababu nyimbo zake ni nyingi mtandaoni, na akishaizoea *pung* na *pe*, Papua hapatampa taabu.