Mtalii wa Mombasa katika kisiwa cha karafuu

Kwa sisi tuliozaliwa Mombasa, Mpemba ni jirani tuliyemjua kabla hatujajua kisiwa chake kiko upande gani. Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba rasmi kuwa moja ya jamii zake mwaka 2023, lakini sisi tulikuwa tumekula samaki wao na kuoana nao miaka mingi kabla ya hapo. Hata hivyo, sikuwahi kufika kwao hadi mwaka jana, nilipopitia Lunga Lunga hadi Tanga na kupanda meli, nikiwa na nia ya kuogelea tu.

Niliogelea kisiwani Misali, juu ya matumbawe, na sina la kulalamika. Maji yale yanayashinda ya Nyali, ingawa kulisema hilo kunaniuma kidogo.

Kilichonishika ni karafuu. Nilifikia kwa mama mmoja karibu na Chake Chake, msimu wa uchumaji ukiwa umepamba moto, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba karafuu tunayoitia katika pilau bila kuitazama ni ua lililochumwa likiwa tumba, kwa sababu likishachanua thamani yake hushuka. Matawi ya mkarafuu hukatika kwa urahisi, kwa hiyo kila tumba limemtaka mtu apande juu akijua kwamba anaweza kuanguka. Jioni nyumba nzima, watoto wakiwemo, ilikaa jamvini kuchambua karafuu na kuzitenga na makonyo, yaani vijiti vinavyoshika matumba, nami nikapewa fungu langu, nikachambua polepole hadi nikachekwa. Makonyo nayo hayatupwi, kwa kuwa kiwanda cha Wawi huyakamua mafuta. Baada ya hapo karafuu huanikwa juani kwa siku kadhaa, na wingu likitanda tu, kila mtu huacha alilokuwa akilifanya akakimbilia uani.

Mama yule alinieleza kwamba zamani Unguja nayo ilikuwa na mikarafuu mingi, hadi kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha huku Pemba ikisalimika, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba.

Siku ya kuondoka aliutazama mfuko wangu, akacheka: "Mwanangu, usije ukavuka na karafuu zangu." Mnunuzi halali ni shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya karafuu kuelekea pwani ya Kenya ni habari ya miaka mingi. Nilicheka naye, lakini nilijihisi kama mtu aliyetajiwa makosa ya ukoo wake.

Wiki iliyofuata nilikwenda Marikiti kununua viungo. Nilimuuliza muuzaji karafuu zake zimetoka wapi.

"Za hapa hapa," alinijibu, huku akinipimia.

Mombasa nzima sijauona mkarafuu hata mmoja.