Usikae Tezi

"Mama, soksi hii mbona ina vidole?"

Binti yangu aliniuliza hivyo juma lililopita, tulipokuwa tukipekua sanduku la mama kutafuta shuka za wageni wa Maulidi. Alichokishika mkononi kilikuwa glavu nyekundu ya sufu, ya mkono wa kulia, iliyokwisha kushika harufu ya udi kama kila kilichomo sandukuni humo. Nilimwambia kuwa ni glavu ya theluji na kwamba ile ya kushoto ilibaki mlimani. Kisha nikaketi kitandani na shuka mapajani, kwa kuwa sikujua kamwe kwamba mama aliihifadhi.

Ilikuwa Idd Kubwa ya pili ya mwaka 2006, maana mwaka ule ilituangukia mara mbili, kwanza mwezi wa Januari na tena siku za mwisho za Desemba. Dada alikuwa amejifungua huko Turin, Italia, akashikilia kwamba Idd ile lazima wazee wawe naye, na mimi nikaambatana nao ili nimsaidie mama. Habari za viza, ndege na baridi ya usiku wa kwanza naziacha. Tuliswali katika ukumbi uliofurika watu wa mataifa mengi, tukala pilau, mama akasema nyama ya kule haina harufu, na kesho yake shemeji akatuambia kwamba sikukuu haijakamilika mpaka familia nzima ipande mlimani. Tulichukua mahamri, chupa ya chai ya tangawizi na mkeka, tukaingia katika treni inayokwenda Bardonecchia, mji ulio karibu na mpaka wa Ufaransa, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, ambako mwezi wa Februari mwaka huohuo yalifanyika mashindano ya ubao wa thelujini ya Olimpiki.

Nilitarajia kuona mlima mweupe wote. Majira yale ya baridi yalikuja na joto lisilo la kawaida katika milima ya Alps, na tulichokikuta ni majani makavu ya rangi ya kahawia yaliyopitiwa na utepe mmoja wa weupe kutoka juu hadi chini. Shemeji alitueleza kwamba theluji ile ilitengenezwa kwa mashine, zinazorusha matone membamba ya maji hewani usiku wa baridi kali, yakaganda kabla ya kufika chini. Mama alisikitika. Baba aliiendea, akainama, akachota kidogo na kuisugua kati ya vidole kama anavyopima mchanga wa fungu, kisha akasema kwamba maji ni maji.

Yeye alikuwa amevaa koti la shemeji juu ya kanzu, na kofia yake ya vito ikiwa chini ya ile ya sufu. Kwa siku tano alizokaa Turin alikuwa hajasema maneno ishirini. Alizoea kutazama mbali, na katika mji ule kila alikotazama palikuwa na ukuta. Pale mlimani ndipo nilipomwona akiinua uso. Alisimama muda mrefu akiwatazama watelezaji wakishuka kutoka juu, wakikata kulia, wakigeuka, wakikata kushoto, kisha akatuita tusogee.

"Wale hawashuki," akasema. "Wale wanabisha."

Aliyekulia Lamu anaijua kazi hiyo. Chombo kinachobisha hakiukabili upepo uso kwa uso, bali huukata kwa upande, kikageuka na kuukata kwa upande wa pili, hadi kifike kinakokwenda. Mtelezaji naye hauteremki mlima wima, kwa sababu mbio zingemshinda. Huukata mteremko kwa ubavu, na katika kila kona hupunguza mwendo. Baba aliliona hilo kwa dakika chache, naye hakuwahi kuikanyaga theluji maishani mwake.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufungwa mbao mbili miguuni, ndani ya viatu vigumu visivyokunjika kifundo. Shemeji alinielekeza nizikaribishe ncha za mbele na kuziachanisha za nyuma, mfano wa kipaa cha makuti, kisha akaniachia. Nilianguka. Niliinuka, nikaanguka tena, na kila nilipoona mteremko ukinivuta nilirudisha mwili nyuma, kama mtoto anavyofanya kwenye vilima vya mchanga vya Shela anapoogopa kuteremka. Kule Shela mchanga humpokea. Hapa mbao zilizidi kukimbia, ncha zikaelea, nami sikuweza kuzielekeza popote. Mara ya nne nilibaki nimesimama katikati ya mteremko, magoti yakitetemeka, siwezi kushuka wala kupanda.

Ndipo nikamsikia. Hakuwa akisema, alikuwa akipiga kelele kwa sauti ambayo maisha yangu yote niliisikia kutoka ufukweni tu, siku za mashindano ya mashua, sisi wanawake tukiwa tumejipanga gatini, naye katikati ya maji akiwaamrisha kaka zangu.

"Usikae tezi! Ndoo omo! Ndoo omo!"

Ndoo, kwa Kiamu, ni njoo. Usikae nyuma ya chombo, njoo mbele. Maneno hayo nilikuwa nayajua tangu sijajua kusoma, lakini hapakuwa na siku ambayo yalielekezwa kwangu. Nikaitika "Labeka, baba," sijui kama alinisikia, nikakunja magoti na kuupeleka uzito wote mbele, kifua juu ya ncha za mbao, mahali ambapo akili yote ilikuwa ikinikataza. Nikasikia mbao zikiuma theluji. Akapaza sauti, "Geuza!" nikalemea mguu wa kushoto, na mlima wote ukazunguka polepole mbele yangu, nyumba, misonobari, mama na mkeka wake, hadi nikajikuta nimeelekea upande wa pili na bado nimesimama.

Nilibisha mara tatu, nikafika alipokuwa. Alinimiminia chai. "Umegeuza," akasema, na hakuongeza neno hadi treni ikatufikisha Turin.

Maulidi yaliyofuata, mgongo wake haukumruhusu tena kuingia chomboni. Alisimama gatini akiwapigia kelele kaka zangu, nami nikiwa hatua chache nyuma yake, na aliposema "Ndoo omo" magoti yangu yalikunjika yenyewe ndani ya buibui. Hakugeuka. Sikumwuliza siku ile, na baadaye nafasi ya kumwuliza haikupatikana tena.

Nilipomaliza kumsimulia binti yangu, alikuwa ameivaa glavu.

"Babu alikuwa akikuita wewe," akauliza, "au alijiona yuko baharini?"

Nilimjibu kwamba alikuwa akinitazama mimi. Hilo nalikumbuka vizuri. Lakini jua lilikuwa nyuma yangu, juu ya theluji, naye alikuwa ameweka kiganja juu ya nyusi, amekunja uso, kama anavyoutazama upepo unapokuja juu ya maji.