Maswali ya Baba kati ya Makambako na Mlimba

Binti yangu wa pili, yule wa udaktari, alinipigia simu Jumanne usiku akaniambia kwamba anataka kuacha masomo akiwa amebakiza miaka miwili, na kabla sijapata neno la kumjibu akaniuliza: "Baba, siku ulipomwambia babu kwamba unaacha njia ya upadri, alisema nini?" Nikamjibu kama nilivyowajibu watu wote kwa miaka 27, kwamba babu yake alinisikiliza, akaridhika, mambo yakaisha. Akashukuru, tukaagana. Nilibaki nimekaa kitandani, simu mkononi, na mke wangu alipouliza kuna nini nilishindwa kumwambia kwamba nimetoka kumdanganya mtoto, kwa sababu yeye mwenyewe nilimsimulia habari ile ile kabla hatujaoana.

Haikuwa hivyo, na nikiwa ningali na kumbukumbu timamu ni afadhali niandike jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa Agosti 1998. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa teolojia, ushemasi uko mbele yangu, na kijijini nilikuwa nimekwisha kupoteza jina; tangu watoto wadogo hadi wazee waliomzika babu yangu, wote waliniita Frateri, kama aitwavyo mwanafunzi wa upadri. Baba ndiye aliyeanza kuniita hivyo, siku niliyovaa kanzu kwa mara ya kwanza, na tangu hapo sikumsikia tena akilitamka jina alilonipa mwenyewe. Mama alikuwa anamnenepesha ng'ombe wa siku ya upadirisho. Sababu zangu za kuondoka wanaonifahamu wanazijua, wala sizirudii hapa. Nilikuwa nimemwandikia barua Gombera, yaani mkuu wa seminari, naye akanijibu kwa upole kwamba nirudi niage kwa utaratibu na kuchukua vitu vyangu. Nyumbani sikumwambia mtu. Likizo yote nilipukuchua mahindi pamoja nao, na kila jioni nilijiapia kwamba leo nitasema, na kila jioni Baba alinyoosha mkono kunipa rozari ili niwaongoze kusali.

Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na alikuwa ameandikiwa kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Kwa kuwa nami nilikuwa narudi huko, akaamua tusafiri pamoja. "Utanishika mkono, Frateri," alisema, na Mama akafurahi kwamba mumewe anasindikizwa na mtu wa Mungu.

Tulipanda treni Makambako mchana, behewa la daraja la tatu, tukaketi tukitazamana karibu na dirisha. Baba alivaa koti lake zito la baridi ya kwetu, na mapajani alipakata kapu la viazi vya kuchemsha na chupa ya togwa. Asiyepita njia ile ajue kwamba kutoka Makambako reli inaanza kuporomoka milimani kwenda Bonde la Kilombero, na kwa kilomita 150 na ushei, mpaka Mlimba, ni madaraja na mahandaki yanayofuatana, pamoja na lile daraja la Mto Mpanga lenye nguzo za mita 50. Ndicho kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote katika miaka ile ya 1970 hadi 1975. Baba alikuwa kibarua hapo mwaka 1972, mimi nikiwa ningali mgongoni mwa Mama. Tangu tulipokuwa wadogo alikuwa akituambia kwamba reli hiyo, ya TAZARA, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na kwamba ndani yake mna mita zake.

Tulipoingia handaki la kwanza, taa za behewa zilikuwa hazijawashwa kwa kuwa ulikuwa mchana, na giza lilitushukia ghafla, zito, pamoja na ule mngurumo unaorudi kutoka ukutani. Nilimsikia Baba akisema, "Moja." Tulipotoka kwenye mwanga nilimwona anatabasamu, uso ameuelekeza dirishani kana kwamba anaona. Akaniambia kwamba hana haja ya macho kwa safari hii, kwani handaki analitambua kwa masikio, na kwamba kuna moja huko mbele alilolichimba yeye na wenzake kuanzia upande huu, na kikosi kingine pamoja na mafundi wa Kichina kikachimba kutoka upande wa pili. Siku za mwisho walikuwa wakizima mashine na kunyamaza ili wasikie nyundo za wenzao ndani ya mwamba. Baruti ya mwisho ilipofungua tundu, lilikuwa dogo la kupitisha mkono tu, naye akapitisha wake, na mtu ambaye hakumwona uso akaushika na kuutikisa kwa nguvu. "Mpaka leo simjui yule mtu," alisema. "Alikuwa na kiganja kama cha seremala."

Sijui ni hadithi hiyo au ni giza lenyewe lililonipa moyo. Tulipoingia handaki lililofuata nilisema kwa sauti ya juu, kwa sababu ya mngurumo: "Baba, sirudi kusoma. Narudi kuaga."

Hakuhesabu. Tulitoka kwenye mwanga nikamwona ameshika kapu kwa mikono yote miwili, uso umetulia, na kwa muda wote wa mwanga ule hakusema neno. Abiria wa jirani alikuwa akimenya chungwa, na kila ninaposikia harufu ya ganda la chungwa hadi leo tumbo hunikaza. Handaki la tatu lilipotufunika, Baba akauliza:

"Kuna mwanamke?"

"Hapana, Baba."

Mwanga ukaja, akanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maneno yake yote yatakuja gizani, nami nikayasubiri mahandaki kama mtuhumiwa anayesubiri kuitwa.

"Umekosana na mtu huko?"

"Hapana."

Mwanga, bonde, migomba chini kabisa, watoto wanapunga mikono. Halafu giza.

"Mama yako anajua?"

"Bado."

Lililofuata lilikuwa refu, na nilidhani amemaliza, kwani tulikwenda na kwenda bila neno, nikahesabu pumzi zangu, kisha sauti yake ikatoka karibu zaidi, kama aliyeinama kunielekea.

"Nani mwingine anajua?"

Nikamwambia kwamba nimemwandikia Gombera tangu mwezi wa sita. Nilisema kweli, na nimejuta mara nyingi kwamba niliisema. Tulipotoka nje nilimtazama, nikaona kwamba katika yote niliyomwambia, hilo ndilo lililomchoma. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Tulipita mahandaki mawili bila yeye kusema kitu. Katika la tatu aliuliza, polepole, si kwa hasira: "Kwa hiyo mimi ni mtu wa pili?"

Sikuwa na jibu, na sijawa nalo hata sasa. Nilinyoosha mkono gizani nikaupapasa mkono wake juu ya kapu. Hakuuondoa, lakini pia hakuushika wangu.

Tulivuka madaraja. Treni ilipunguza mwendo, hewa ikaanza kuwa ya joto, akavua koti akalikunja vizuri juu ya goti. Nilidhani mahandaki yamekwisha, kumbe bado moja, fupi sana, na ndani yake Baba akasema maneno ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuyasikia kutoka kwangu: "Sasa sikuoni. Nipeleke kwanza nikatibiwe macho. Nikishaona, utasimama mbele yangu uniambie tena."

Mlimba wanawake walikuja madirishani na ndizi na mchele. Akaomba ndizi, nikanunua, tukala. Usiku alilala, mimi sikulala.

Ya Dar es Salaam yalikwenda upesi. Niliaga seminarini kwa siku moja, nikahamia kwa shangazi, na asubuhi na jioni nilikuwa hospitalini. Walimpasua jicho moja kwanza. Siku walipofungua bendeji alikaa ukingoni mwa kitanda, akapepesa, akatazama dirisha, akatazama viganja vyake, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu sana. Nilisimama mbele yake kama alivyoagiza. Moyo ulikuwa ukinidunda hadi masikioni, maneno yalikuwa yamepangika kinywani, yeye ananitazama, mimi namtazama. "Umekonda," alisema. Muuguzi akaingia na dawa za matone akaanza kunieleza jinsi ya kuziweka, nikamsikiliza kwa makini kupita kiasi, na alipotoka nilikuwa nimekwisha kukimbia ndani ya nafsi yangu. Sikusema. Naye hakuuliza.

Nilimpeleka stesheni siku kumi baadaye. Aliinama dirishani, jicho lake moja jipya, la pili bado na wingu, akasema, "Kaa salama, Frateri."

Nikawa mwalimu wa sekondari. Mwaka 2001 nilioa, na Baba alikuja, akakaa mbele, akacheza ngoma na wazee wenzake. Mama alilia miezi mingi, kisha akapona. Yule ng'ombe alichinjwa siku ya harusi. Baba alifariki mwaka 2009, na mpaka wiki ile ya mwisho aliendelea kuniita Frateri, hata mbele ya watoto wangu, ambao kwa miaka walidhani ndilo jina langu la utotoni. Ndugu zangu walicheka kidogo wakazoea. Mimi sikuzoea. Kuna siku nilisikia lawama katika neno hilo, na siku nyingine nilisikia mapenzi, na mara nyingi zaidi nilisikia mtu anayekumbushia deni kwa adabu. Tulikuwa na miaka 11 ya kukaa pamoja kibarazani, macho yake yote mawili yakiwa yamepona, na siku yoyote kati ya hizo ningeweza kusimama mbele yake.

Nitampigia binti yangu kesho baada ya misa. Sitamwambia tena kwamba babu yake aliridhika. Nitamsomea haya kuanzia handaki la kwanza, na nitamshukuru kwamba mimi nimekuwa mtu wa kwanza kuambiwa, kwa sababu alinitajia hivyo mwenyewe, bila kuulizwa, nami usiku ule nikalipitisha kana kwamba si kitu. Kama anapaswa kuacha au kuendelea, sijui. Tangu Jumanne nimelala nikilifikiria na sijapata la kumwambia.