Mama na ngazi za Michenzani

Shangazi kanipigia tena kutoka Muscat, na swali lake ni lile lile: "Wifi yangu bado anajiweza?" Nikamjibu anajiweza, alhamdulillahi. Lakini jibu lenyewe nimelala nalo.

Madaktari wana kipimo chao cha kujiweza. Kile cha daktari Katz, cha mwaka 1963, kinauliza mambo sita tu: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kujizuia haja, na kula. Yote hayo Mama anayafanya bila ya kushikwa mkono. Mwaka 1969 watafiti Lawton na Brody wakaja na mambo mengine: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, kusafiri, dawa na fedha. Hapa ndipo Mama anapoanza kukwama, na nashikilia kwamba si mwili wake peke yake unaomkwamisha.

Tunakaa Michenzani, mjini Zanzibar, ghorofa ya nne, katika majumba yale marefu yaliyoanza kujengwa zama za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Lifti hakuna. Soko la Darajani si mbali, kwa mguu anafika, na akifika bado anamjua samaki wa jana kwa kumtazama jicho tu. Kinachomshinda ni kurudi, ngazi zote zile na kapu limejaa muhogo na nazi. Basi hulishusha kapu dirishani kwa kamba, kijana wa mboga analijaza, yeye analivuta, na pesa zinateremka kwa kamba hiyo hiyo. Bei anapatana naye kwa sauti, jengo zima linasikia. Mtu akiniuliza kama Mama anafanya manunuzi mwenyewe, nasema ndiyo.

Jikoni hataki mtu. Mbuzi ya kukunia nazi kaihamishia karibu na mlango, kwa sababu kukaa chini si kazi, kazi ni kuinuka. Akimaliza kukuna anashika fremu kwa mkono wa kulia, anatanguliza goti moja, anasema bismillahi, anasimama. Ndugu zangu walitaka tumletee tui la pakti apumzike. Nilikataa. Akiacha kuinuka pale kila siku, magoti yatakaza kweli.

Fedha pia anazimudu. Pensheni jamii ya Zanzibar ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee waliofikia miaka 70, na tangu hapo imepandishwa. Ni kidogo kwa mji huu, lakini haombi kwa mtoto. Anatenga mwenyewe za dawa ya presha, kisha za michango ya misiba.

Na misiba ndiyo inayoniuma. Vipimo vile vya madaktari havina pa kuandika kama mzee anaweza kufika msibani, kwenye hitma au arusini. Mwaka huu alifariki shoga yake wa utotoni, kule Fuoni. Daladala ngazi yake iko juu, konda anagonga bati mtu hajakaa, na siku ile sote tulikuwa makazini. Mama alivaa buibui, akakaa ukumbini akisubiri labda mmoja wetu atatokea, mpaka Magharibi. Kufua akishindwa tutamfulia. Kumpa mkono wa pole mtoto wa shoga yake hakuna wa kumfanyia.

Ndiyo maana sasa majirani wa ngazi yetu tunachangishana. Tunataka chuma cha kushikia ukutani kutoka chini mpaka juu, na taa kwenye kona ya ghorofa ya pili ambako hata mchana ni kiza. Wazee wengine wawili wa jengo letu nao hawashuki ovyo, wanaogopa kona ile. Fundi anakuja Jumamosi baada ya Alasiri kupima. Mama keshatoa mchango wake, na ameagiza chuma kisiwe kinene, vidole vyake viweze kukizunguka.