Doa Jeusi Si Kijiini: Nilivyohesabu Seli Zilizotiwa Fedha

"Tia vyote pamoja, fedha na dawa ya kuzuia seli isikatike, saa ya 44 tangu uanze kuziotesha seli, utaokoa siku nzima." Ushauri huo ulinila miezi miwili, na aliyeutoa aliutoa kwa uhakika kabisa.

Nilikuwa napima chembe za madini ya fedha, za nanomita 20 hivi, zinafanya nini kwenye kiini cha seli ya binadamu. Fedha ya namna hii ipo kwenye bandeji za vidonda vya moto, hata kwenye soksi za kuzuia harufu, kwa hiyo swali si la maabara tu. Unachukua seli nyeupe za damu, unazichochea zigawanyike kwa dawa inayotoka kwenye maharage, kisha unatia sitokalasini B, ile dawa ya kuzuia seli isikatike. Hapo kiini hugawanyika lakini seli yenyewe haikatiki, ikabaki na viini viwili. Kipande cha kromosomu kilichovunjika, au kromosomu nzima iliyoachwa nyuma, hujikunja pembeni kikawa kijiini. Hivyo ndivyo unavyohesabu.

Basi nikatia vyote pamoja. Sikuona tofauti yoyote na damu isiyotiwa fedha, na nusura niandike kwamba fedha haina neno. Kumbe sitokalasini huvuruga nyuzi za aktini, nyuzi za protini zilizomo ndani ya seli, na seli hutumia nyuzi hizohizo kumezea chembe! Nilikuwa nimeifunga seli mdomo halafu nikaiandalia chakula. Tia fedha saa ya 24, iache imezwe, sitokalasini ifuate saa ya 44, uvune saa ya 72. Na kichupa cha sitokalasini ni kidogo kama cha wanja lakini kilikula karibu nusu ya hela zangu za utafiti, kwa hiyo usikitie ovyo.

Mara ya pili, vijiini kila mahali. Seli moja vitatu, nyingine vitano. Nilifurahi mno, nikamwita mzee wetu, fundi wa maabara, aje aone. Akainama, akatazama kimya, kisha akanipisha.

"Mwanangu, zungusha hii taratibu. Kiini kikitulia, doa lako liko wapi?"

Nikazungusha kirungu cha hadubini. Kiini kikaonekana safi, doa likafifia. Nikapandisha kidogo, doa likakolea, kiini kikapotea. Lilikuwa limekaa juu ya seli! Kijiini cha kweli huwa usawa mmoja na kiini, rangi ileile ya zambarau, mviringo, na hakifiki theluthi ya upana wake. Yangu yalikuwa meusi tii, yenye kingo kali. Ilikuwa fedha iliyogandamana.

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Badilisha rangi. Fedha hainywi rangi."

Nikaacha Giemsa, ile rangi ya zambarau, nikapaka slaidi mpya rangi ya akridini na kuzitazama kwa hadubini ya mwanga wa buluu. DNA ikang'aa kijani, na madoa yakabaki giza. Mengi ya "matokeo" yangu yakafutika usiku mmoja, na sikusikitika hata kidogo, maana yaliyobaki yalikuwa ya kweli. Kuanzia hapo nilichanganya chembe na seramu, majimaji ya damu yenye protini, kwanza kabla hazijagusa chumvi. Ukizitia kwenye maji chumvi bila protini, zinagandamana na ile rangi yake ya manjano inageuka kijivu, na ukiona kijivu mwaga. Nilitia pia, kwenye seli nyingine, maji ya juu yaliyobaki baada ya kuzungusha chembe kwa mashine zikazama, maana fedha iliyoyeyuka nayo hudhuru, na bila hayo hujui umlaumu nani.

Mzee alifunika lebo zote kwa utepe ili nisijue nahesabu nini. Seli elfu moja kwa kila slaidi. Katika baadhi ya seli nikakuta uzi mwembamba wa kijani ukiunganisha viini viwili, daraja la kromosomu iliyovutwa pande zote mbili bila kuachia. Nikaziweka kando slaidi zile zenye madaraja mengi, zilikuwa nne.

Ijumaa jioni mzee akabandua utepe. Zote nne zilikuwa za kipimo kikubwa cha fedha.