Nilivyopima shokapu za IST yangu kabla ya kutoa hela

Gari likianza kugonga chini, fundi wa kwanza utakayemkuta atakwambia shokapu zimekufa. Ndivyo nilivyoambiwa hapa Morogoro kuhusu gari langu, Toyota IST ya 2004. Kila nikipita kwenye kishimo, mbele kulia kunalia "kok-kok". Fundi akalitikisa gari kidogo, akasema, "Dada, hizi badilisha zote nne, zimekwisha." Bei aliyonitajia ilikuwa ya kunikosesha usingizi. Nikamshukuru, nikamwambia naenda kujipanga. Moyoni niliazimia kwamba kabla ya kutoa hata shilingi nitajua ipi imekufa na ipi bado nzima.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuelewa kwanza shokapu inafanya kazi gani. Wengi tunaamini ndiyo inayobeba gari, kumbe uzito unabebwa na springi. Sasa springi ukiibonyeza na kuiachia haitulii, hupanda na kushuka mpaka ichoke yenyewe. Shokapu imewekwa pale ili kuituliza. Ndani yake kuna pistoni yenye vali na vitundu vidogo, imezungukwa na mafuta. Gari likiruka, mafuta hulazimika kupenya kwenye vile vitundu kwa shida, na nguvu ya mruko hugeuka joto. Mafuta yakivuja au vali zikichoka, springi inabaki haina wa kuizuia. Ndiyo maana gari lililolala upande mmoja hata likiwa limesimama, wa kushukiwa kwanza ni springi. Na ndiyo maana shokapu inaweza kufa kimya kimya, bila kugonga hata kidogo.

Basi nikaanza na ile sauti, nikaitenga na habari ya shokapu. Nikatafuta tuta lililonyooka, nikapita polepole ili magurudumu yote mawili ya mbele yapande pamoja. Kimya. Nikarudi kwenye njia ya vumbi yenye vishimo vya upande mmoja, gurudumu moja likishuka huku jingine liko juu, na hapo ikagonga kila mara. Tabia hiyo ni ya stabilaiza linki, kile kijiti chenye kiungio kidogo cha mviringo kila mwisho kinachounganisha stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) na mguu wa gari. Magurudumu yakipanda pamoja linki haipati kazi kubwa, lakini yakipishana ndipo inapovutwa. Nikaenda kwa fundi mwingine mwenye shimo la gereji. Akashuka, akaishika linki kwa mkono huku mimi nikilitikisa gari upande kwa upande. Mlegezo aliusikia mkononi hapo hapo, ya kulia mbaya zaidi.

Hapo kelele ilikwisha kupata mwenyewe. Lakini sikutaka kutangaza kwamba shokapu ni nzima eti kwa sababu kelele si yake. Nikazipima zenyewe.

Kwanza mafuta. Nilizifuta zote kwa kitambaa kikavu na kuzitazama kwa tochi. Za mbele zilikuwa na utando mwembamba wa mafuta na vumbi karibu na sili (raba inayozuia mafuta kutoka), na huo ni wa kawaida, kwa sababu kijiti cha pistoni kinapopanda na kushuka hubeba mafuta kidogo kukilainisha. Ya nyuma kushoto ilikuwa habari nyingine kabisa. Mafuta yalikuwa yameteremka mpaka chini na vumbi limegeuka tope jeusi. Nikaifuta, nikaendesha siku kadhaa, nikarudi kuitazama, imelowa tena. Hapa naomba msomaji awe makini: hakikisha unachokiona si mafuta ya breki yanayovuja kwenye silinda ya gurudumu. Hayo yakivuja usiendeshe hata mpaka dukani.

Pili, kile kipimo cha kubonyeza kona ya gari. Watu wanakiamini mno. Kinakamata shokapu iliyokufa kabisa, lakini iliyochoka nusu hupita bila shida, hasa gari likiwa na bushi (raba za kwenye maungio) ngumu. Mimi nilikitumia kulinganisha kona na kona tu. Za mbele zilirudi juu zikatulia. Nyuma kushoto palipanda, pakashuka, pakapanda tena.

Tatu, tairi, na kwangu huyu ndiye shahidi mkweli kuliko wote. Nilipitisha kiganja kulizunguka tairi la nyuma kushoto nikasikia mabonde mabonde: panapanda, panashuka, panapanda. Tairi linaloliwa namna hiyo lilikuwa linadundadunda barabarani badala ya kushika lami. Usichanganye na tairi linaloliwa ukingo mmoja tu, hilo mara nyingi ni alaimenti (mpangilio wa magurudumu). Likiliwa katikati, upepo umezidi. Likiliwa kingo zote mbili, upepo umepungua. Tairi lililoinuka juu ya lami hata kwa kitambo kidogo halifungi breki na halikati kona, na hapo ndipo suala la shokapu linapoacha kuwa la starehe ya abiria.

Barabara nayo ilisema. Nilikuwa natoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu nyuma. Kwenye rasta za Mikumi, ndani ya hifadhi, mbele palitulia mara moja lakini nyuma paliendelea kucheza hata baada ya kuvuka. Niliposimama baada ya kutoka hifadhini nikafanya kipimo alichowahi kunifundisha dereva mmoja wa lori: gusa shokapu kwa nyuma ya vidole, taratibu, mbali na bomba la moshi, halafu linganisha za ekseli moja, kushoto na kulia. Inayofanya kazi hupata joto, kwa sababu kugeuza mtikisiko kuwa joto ndiyo kazi yake. Ya kulia ilikuwa na joto. Ya kushoto ilikuwa baridi, kana kwamba haikusafiri nasi.

Nikawa nimepata jibu, na halikufanana na la fundi wa kwanza. Mbele, linki mbili. Nyuma, shokapu mbili. Za mbele zinabaki.

Kwa nini mbili nyuma wakati iliyovuja ni moja? Muuza spea naye aliniuliza hivyo, akaniambia nichukue moja tu niokoe hela. Hapo sikukubali. Mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hufanya gari litulie kushoto na kuyumba kulia, na ukikata usukani ghafla kumkwepa ng'ombe hutaki kujua matokeo yake. Shokapu hubadilishwa jozi kwa ekseli. Za mtumba nazo nilizikataa, japo bei ilivutia, kwa kuwa sili iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi kwenye gari lingine huwezi kuipima kwa macho. Nilitoa namba ya chesesi ili nipewe zinazolingana, nikanunua pamoja na raba za kuzuia mgongano na vifuniko vya vumbi, maana vumbi na mchanga kwenye kile kijiti ndivyo vinavyokata sili.

Siku ya kufunga nilisimama pale pale. Kabla ya kufunga, fundi aliisimamisha kila shokapu wima akaisukuma chini na kuivuta mara kadhaa ili hewa itoke kwenye mafuta. Nilimwomba asikikamate kijiti kwa plaizi, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu pale unaharibu sili mpya. Nati za kwenye bushi alizikaza mwisho baada ya gari kushushwa likakaa kwa uzito wake, la sivyo bushi hukaa zimejipinda na kukatika mapema. Alaimenti hatukuifanya. Linki haziigusi, na nyuma ya gari hili haina marekebisho. Kama tungefungua shokapu za mbele, ambazo ndizo zinazoshika mguu wa gurudumu, hapo ingekuwa lazima.

Baadhi ya watengenezaji wa shokapu hushauri zikaguliwe kila km 20,000 na kufikiriwa kubadilishwa kwenye km 80,000. Kwa njia zetu za vumbi mimi naichukua ile ya kwanza kwa uzito na ya pili kama makisio tu. Za mbele nazifuta na kuzitazama kila ninapomwaga oili, na siku moja itaonekana ile ambayo haikauki. Nyuma sasa pametulia hata nikiwa na mzigo. Tairi la kushoto bado linavuma kidogo, kwa sababu mabonde yaliyokwisha kuchongwa hayaondolewi na shokapu mpya, na hilo litatoka pamoja na mwenzake kabla mvua hazijaanza.