Papa na boti ya mitumbwi mitatu

Nimetoka Kituku sasa hivi, bandari yetu ya Goma kwenye Ziwa Kivu. Mikono bado inanuka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa.

Tukisubiri giza liingie, nikamuonyesha Papa, baba yangu, kwenye simu mbio za boti za tanga za kuzunguka dunia. Kwanza boti za aina ya IMOCA, mita 18, baharia mmoja ndani: Charlie Dalin alimaliza mbio za Vendée Globe kwa siku 64.
Halafu za aina ya Ultim, mita 32. Charles Caudrelier, 2024, siku 50!

Hapo Papa akaninyang'anya simu.
Akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu.

"Lakini hii ni kama yetu! Mitumbwi mitatu, imeunganishwa!"

Akaushika mti wa mkaratusi unaofunga mitumbwi yetu, akaupapasa polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.
Hakusema tena.

Moyo wangu umejaa, ndugu zangu. Wazee wenu wangesema nini? Niambieni.